Nyumba Iliyo Ndovu

Mkulima wa Taita au wa Laikipia akiambiwa kwamba ndovu amesimama karibu na nyumba za watu, hangoji kusikia mengine. Atachukua debe la kupiga na kijinga cha moto, atawaamsha jirani zake, na wote watakesha wakilinda mahindi, kwa kuwa wajua kwamba usiku mmoja watosha kupoteza kazi ya msimu mzima. Lakini katika mji mdogo wa Margate, jimbo la New Jersey, nchi ya Marekani, yuko ndovu mmoja aliyesimama ufukoni tangu mwaka 1881, na wenyeji wakisikia kwamba yu hatarini, hukimbia si kumfukuza bali kumwokoa. Ndovu huyo hali mahindi wala hanywi maji. Yeye ni nyumba.

Jina lake ni Lucy. Kimo chake ni futi 65, yaani kama nyumba ya orofa sita. Uzito wake ni tani 90, na ngozi yake ni mabati yaliyopigiliwa juu ya mbao. Ana mkonga ulioshuka mpaka chini, ana masikio, mkia na pembe mbili, na juu ya mgongo wake kuna kibanda mfano wa vile walivyokuwa wakivikalia wafalme wa Bara Hindi waliposafiri kwa ndovu. Madirisha yake ni 22, na macho yake yenyewe ni madirisha. Juma hili nataka tumtembelee, kisha tulipime kwa makini swali ambalo kila mtu mwenye akiba ndogo angeliuliza: Nyumba ya namna hii ina faida gani, hata watu watoe fedha zao kuihifadhi?

Aliyeibuni alikuwa Bwana James V. Lafferty, mtu wa Philadelphia, mhandisi na mbunifu wa vyombo vipya. Bwana huyu alikuwa amenunua viwanja vya mchanga kando ya bahari, kusini ya mji wa Atlantic City, akitumaini kuviuza kwa wale watakao kujenga nyumba za kupumzikia wakati wa joto. Shida yake ilikuwa moja: mahali penyewe palikuwa porini, pametengwa na mkondo wa maji ya bahari, hata ilikuwa vigumu kupafikia ila maji yakipwa. Nani atakayetoka mjini kwenda kutazama mchanga mtupu? Basi Lafferty akawaza kwamba, kama watu hawavutwi na ardhi, na wavutwe na kitu kilicho juu ya ardhi. Kwa msaada wa mchoraji wa majengo aitwaye William Free, akasimamisha ndovu mkubwa asiye na mfano. Wanunuzi walipokuja kustaajabu, aliwapandisha mpaka kwenye kile kibanda cha mgongoni, na kutoka huko juu akawaonyesha kwa kidole: kiwanja kile, na kile, na kile pale, vyote vinauzwa.

Kwa hiyo tusidanganyike. Ndovu huyu hakujengwa kwa ajili ya sanaa, wala kwa ajili ya kufurahisha watoto. Alikuwa tangazo la biashara. Sisi wa siku hizi tumezoea matangazo ya rangi nyingi yaliyobandikwa kila ukuta, lakini Lafferty alijenga tangazo ambalo mtu angeweza kuingia ndani yake. Tena alikuwa na bidii ya kulinda akili yake, maana tarehe 5 Desemba, 1882, alipewa na Serikali ya Marekani hati iliyomfanya kuwa yeye peke yake, kwa muda wa miaka 17, mwenye haki ya kujenga majengo yenye umbo la mnyama. Mtu mwingine hangeweza kujenga hata nyumba yenye umbo la samaki bila kumwomba ruhusa.

Mwaka uo huo wa 1882 ndipo Bwana P. T. Barnum, mwenye maonyesho makubwa ya wanyama, alipomleta Marekani ndovu wa kweli, Jumbo, aliyekuwa amekamatwa Afrika akiwa mdogo na kulelewa miaka mingi katika bustani ya wanyama ya London. Wako wadhanio kwamba jina la Jumbo latokana na neno letu “jumbe” au “jambo”, na wako wasiokubali. Lakini ni dhahiri kwamba katika siku hizo ndovu alikuwa ameshika mioyo ya watu wa kule, na Lafferty alikuwa amewahi kulijua soko lake.

Wasomaji waliozaliwa karibu na ndovu watataka kujua kama mchongo wake ni sawasawa. Nitawajibu kwamba fundi alimfuata ndovu wa Bara Hindi, si huyu wetu. Na hapo pana jambo la kuchekesha. Ndovu jike wa Afrika huwa na pembe, lakini katika ndovu wa Bara Hindi ni madume wenye pembe ndefu, wala majike hawana pembe za kuonekana hivyo. Sasa ndovu wa Margate ana pembe kubwa, naye amepewa jina la mwanamke! Jina hilo hakupewa na Lafferty. Lilikuja baadaye, katika ukoo wa watu walioinunua nyumba hiyo kwake, likashika, na hakuna aliyejaribu kuliondoa. Watu wa pwani husema mazoea yana taabu, lakini hapa mazoea yameleta kicheko tu.

Haya, na tuingie. Mgeni hapiti mlango wa mbele, kwa sababu ndovu hana mlango wa mbele. Huingia kwa mguu wa nyuma, ambamo mna ngazi ya kuzunguka, nyembamba, ya kumpeleka juu mpaka tumboni. Huko hukuta chumba kikubwa chenye dari iliyopinda kama mbavu, na madirisha huku na huku yaletayo nuru ya bahari. Akienda mbele hufika kichwani, aweza kuchungulia kwa jicho la ndovu na kuona mawimbi. Akirudi nyuma hukuta dirisha hata mahali ambapo mnyama wa kweli hawezi kuwa nalo, na wenyeji hulifanyia mzaha kila siku. Kisha hupanda tena mpaka kwenye kibanda cha mgongoni, pale pale Lafferty aliposimama akiuza viwanja. Viwanja vyenyewe sasa vimejaa nyumba. Ule upande wa bahari tu ndio haukubadilika.

Sisi hapa kwetu si wageni wa nyumba za ajabu. Mwaka 1932, karibu na Nyeri, ilijengwa nyumba ndogo juu ya mti wa mgumo, ikaitwa Treetops, ili watu wapande humo usiku kuwatazama ndovu na vifaru wajapo kunywa maji. Humo ndimo alimokuwa Binti Mfalme Elizabeth mwezi wa Februari, 1952, baba yake alipofariki na yeye akawa Malkia. Nyumba ile iliteketezwa kwa moto mwaka 1954, na mwaka 1957 ikajengwa nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza. Tazameni tofauti yake: Nyeri mtu aliingia katika nyumba ili amwone ndovu, na Margate mtu huingia katika ndovu ili aione bahari.

Je, Lafferty alipata utajiri? Hapo ndipo hadithi ianzapo kuwa na fundisho. Hakuridhika na ndovu mmoja. Katika Cape May, katika jimbo lilo hilo, alisimamishwa mwingine mwaka 1884. Katika Coney Island, karibu na New York, akasimamishwa wa tatu mwaka 1885, mkubwa kuliko wote, kimo chake kupita futi 120, mwenye orofa saba na vyumba 31. Watu walishangaa, magazeti yakaandika, na bado fedha hazikutosha. Ndovu wa Cape May hakuleta faida, akavunjwa mwaka 1900. Yule mkubwa wa Coney Island aliteketea kwa moto mwaka 1896, asibaki kitu. Na Lafferty mwenyewe, akiwa amebanwa na hasara, ilimpasa kumwuza ndovu wake wa kwanza mwaka 1887 kwa Bwana Anton Gertzen. Akafariki mwaka 1898.

Gertzen na jamaa zake hawakubuni lolote. Walifanya jambo jepesi zaidi na gumu zaidi: walikaa na kitu kile, wakakitunza, wakawatoza wageni senti kumi kila mmoja kupanda juu na kutazama. Senti kumi, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Aliyetaka kujaza debe kwa siku moja alifilisika, na waliojaza kibaba waliendelea.

Hata hivyo maisha ya Lucy hayakuwa ya raha. Mwaka 1902 daktari mmoja wa Kiingereza alimpanga awe makao yake ya wakati wa joto, akakaa humo pamoja na jamaa yake, tumbo la ndovu likagawanywa kuwa vyumba vya kulala, jiko na mahali pa kulia. Mwaka uliofuata ikaja dhoruba, ndovu akazama katika mchanga mpaka magotini, na watu wakajitolea kumchimbua na kumsogeza mbali na maji. Baadaye akafanywa kuwa kilabu cha pombe. Wasomaji wa pwani, ambao kwao “tembo” ni mnyama na pia ni kinywaji cha mnazi, wataelewa upesi nikisema kwamba kwa muda fulani tembo alikuwa ndani ya tembo. Ulevi haukosi hasara: mwaka 1904 wanywaji waliangusha taa ya mafuta, na kidogo tu nyumba nzima ingaliungua kama ndugu yake wa Coney Island.

Lakini adui mkubwa hakuwa dhoruba wala ulevi. Alikuwa kutojali. Hewa ya bahari hula bati polepole. Kwanza ni doa la kutu, kisha tundu la kuingiza sindano, kisha maji ya mvua huteremka kimya mpaka kwenye mti ulio ndani, na mti huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Kila mkulima mwenye nyumba ya mabati aijua habari hii. Kufikia miaka ya 1960 Lucy alikuwa amechakaa, rangi imebambuka, na mji ulikuwa umeona kwamba si salama watu kuingia. Mwaka 1970 ukoo wa Gertzen ukauza kiwanja kwa watu waliotaka kujenga hapo, na ndovu mwenyewe wakampa mji bure. Ikawa hivi: ama aondolewe upesi, ama avunjwe.

Hebu tufikiri kama wajumbe wa baraza la mji ule. Mbele yenu pana nyumba ya mbao na mabati, umri wake karibu miaka 90, isiyokaliwa na mtu, isiyo na kodi, inayovuja. Ipo fedha kidogo, na barabara na shule zina haja yake. Jirani wengine wenye mali karibu na mahali pale ndovu atakapohamishiwa hawamtaki, wasema ataharibu thamani ya viwanja vyao. Mtu mwenye busara angesema nini? Nadhani wengi wetu tungesema, “Vunjeni, mkauze mbao.” Wala asemaye hivyo si mpumbavu. Ana hoja, nayo ni hoja nzito: ukale wa kitu peke yake hautoshi kukifanya kiwe na thamani.

Lakini wako raia waliokuwa na hoja nyingine. Bibi mmoja, Josephine Harron, na wenzake wakaunda kamati ya kumwokoa Lucy. Hawakuwa matajiri. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakibisha hodi na kuomba mchango. Wakamwita mjuzi wa majengo apime kama mnyama aweza kuhamishwa bila kuvunjika, naye akapima, akaona kwamba mifupa ya ndani ingali imara. Muda walioachiwa ulikuwa kama mwezi mmoja tu. Wale waliompinga wakaenda mahakamani, na kwa siku chache ikaonekana kwamba yote yamekwisha, lakini hakimu hakuwakubalia. Tarehe 20 Julai, 1970, ndovu akainuliwa juu ya magurudumu, akapitishwa barabarani polepole mbele ya watu waliofurika kutazama, na baada ya muda wa saa saba hivi akafika kwenye kiwanja cha mji, karibu na pale alipokuwa.

Kazi haikuishia hapo. Miaka ilipita wakitengeneza, na mwaka 1974 wageni wakaruhusiwa tena kuingia. Mwaka 1976 Serikali ya Marekani ikamwandika Lucy katika hesabu ya majengo ya taifa yastahiliyo kulindwa kwa ajili ya historia. Dhoruba kubwa iitwayo Sandy ilipoipiga pwani ile mwaka 2012 na kuvunja nyumba nyingi mpya, Lucy alisimama. Na katika Septemba 2021 alifungwa tena, kwa kuwa ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya bati lake la nje limeharibika kupita kiasi cha kutiwa viraka. Akavuliwa ngozi na kuvikwa nyingine mpya. Gharama ilikuwa kama dola milioni 2.4, na mwishoni mwa Desemba 2022 milango ikafunguliwa.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Ni faida gani? Jibu la kwanza ni la mkoba. Wageni waendao kumtazama ndovu hununua chakula, hulala, hununua zawadi za kupeleka kwao. Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mimi sitaki kulitukuza jibu hilo kupita kiasi, maana ndovu wa Cape May na yule wa Coney Island walikuwa na wageni pia, na bado walikufa. Ajabu peke yake huvuta watu mara ya kwanza. Kipya kinyemi, lakini kila kipya huwa kikuukuu.

Jibu la pili, nami naliona ndilo lenye uzito, ni kwamba Lucy alipata thamani yake kwa waliomtunza, si kwa aliyemjenga. Lafferty alimjenga ili auze mchanga. Lau shauri lingalikuwa lake tu, angalivunjwa siku kiwanja cha mwisho kilipouzwa. Ila mtoto aliyepandishwa mle ngazini na baba yake alikua, akawapandisha watoto wake, nao wakawapandisha wao. Ndiyo sababu mwaka 1970 watu walitoa senti zao. Hawakuwa wakinunua bati. Walikuwa wakikataa mji wao ufanane na kila mji mwingine.

Nasi tunao mfano wetu, wala si mbali. Kila aliyefika Mombasa amepita chini ya zile Pembe za Ndovu zilizovuka barabara ambayo zamani iliitwa Kilindini Road na sasa ni Moi Avenue. Nazo si pembe za kweli. Zilisimamishwa kwanza kwa kutazamia ziara ya Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1952, na zile za madini ya alumini zikawekwa kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Margaret mwaka 1956. Zilikuwa pambo la sherehe ya siku chache, kama Lucy alivyokuwa tangazo la biashara. Sherehe imekwisha, wageni wale wamekwenda zao, na Pembe zimebaki. Muulizeni mtu wa Mombasa kama angekubali zing'olewe, naye atawajibu mara moja.

Ndugu wakulima, na ninyi makarani wenzangu, katika kila wilaya kuna kitu cha namna hii: daraja la zamani, nyumba ya udongo yenye mchoro wa pekee, mti uliofanyiwa mabaraza ya wazee, kinu cha maji kilichojengwa na fundi ambaye jina lake latajwa na wazee wawili watatu tu. Huenda hakina kazi leo. Kabla ya kukikata au kukibomoa, naomba tufanye kama watu wa Margate walivyofanya: tumwite ajuaye, apime kama mifupa ya ndani ingali imara, kisha tuulizane kwa uwazi nani yuko tayari kutoa, na kiasi gani. Kama hakuna mtu, basi na kivunjwe, tusilalamike. Kama wapo, wasingoje mwezi wa mwisho. Bibi Harron na wenzake walishinda, lakini walishinda kwa taabu kubwa na kwa siku chache, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyepanda juu na ndoo ya rangi kuziba tundu lililokuwa dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na mabati ya ndovu yana bei kuliko ukuta.